Waaweer wabaki na msitu wao ili wabaki na lugha yao: barua ya wazi kwa viongozi wa Lamu

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu na waheshimiwa wawakilishi wa wadi. Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu. Na kwa wakuu wa Mamlaka ya Maendeleo ya Ukanda wa LAPSSET, yaani mradi wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Ethiopia na Sudan Kusini.

Asalaam aleikum.

Ama baada ya salamu, nawaandikia kuhusu lugha mbili ambazo zikitupotea hapa Lamu hatuna pa kwenda kuziazima. Moja ni Kiaweer, lugha ya watu wa msitu wa Boni, ambao sisi wa visiwani tumezoea kuwaita Waboni. Ya pili ni Kidahalo, lugha ya jamaa wachache walioko upande wa Witu na Mkunumbi, ambao wengi wetu huwachanganya na jirani zao kwa jina moja la Wasanye. Ya kwanza ingali hai na ina watoto wanaoisema. Ya pili imebaki vinywani mwa watu wazima wachache, wengi wao wazee.

Siwaombi kamusi, wala siku moja zaidi ya utamaduni. Tamasha letu la Lamu lina mashindano ya majahazi, mbio za punda na mashairi, nami nalipenda. Ila lugha haiwezi kulishwa siku chache za mwaka ikaachwa na njaa siku zilizobaki. Ninachoomba ni shule, zahanati, hati ya ardhi na kazi za msituni, kwa kuwa naamini kabisa kwamba huko ndiko lugha hizi zitakakoponea, kama zitapona.

Mimi si Mwaweer wala Mdahalo. Ni Mswahili wa Amu, yaani kisiwa cha Lamu, na naona ni wajibu wa Mswahili kulisema jambo hili kabla ya mwingine, maana lugha inayochukua nafasi ya hizi mbili ni yetu. Kijana wa Kidahalo anapoiacha lugha ya babu yake haendi kwenye Kiingereza, huja kwenye Kiswahili. Hakuna aliyemkaba koo. Sokoni ni Kiswahili, msikitini ni Kiswahili, kwa chifu ni Kiswahili, na mke aliyemuoa pengine ni wa Kiswahili. Nasi twajua uchungu wa kuambiwa kwamba maneno ya nyumbani hayana kazi darasani. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930, Kiamu chetu chenye tenzi za tangu na tangu kilirudishwa barazani. Kilistahimili kwa kuwa kilikuwa na mji, misikiti na malenga wake. Kidahalo hakikuwa na mji.

Waheshimiwa, mambo haya hayakuja kwa kudra. Yana tarehe. Waaweer waliishi kwa kuwinda, kuchuma matunda, kuchimba mizizi na kurina asali katika msitu unaotambaa kutoka Lamu hadi Garissa na kuvuka mpaka wa Somalia. Wakati wa vita vya mashifta vya miaka ya 1960, serikali iliwatoa ndani ikawakusanya vijijini kando ya barabara. Mwaka 1976 Boni na Dodori zikatangazwa hifadhi za taifa. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Sisemi marufuku ile haikuwa na sababu. Ndovu walikuwa wakimalizwa na wafanyabiashara wa pembe. Lakini wafanyabiashara wale walihamia biashara nyingine, na aliyebaki akiitwa jangili ni mtu wa kijiji cha Milimani aliyekuwa akimtafutia mkewe kitoweo. Haikuchukua miaka 20, na watu waliokuwa wenyeji wa msitu wakawa ni wageni wanaohitaji kibali.

Kisha yakaja ya usalama. Juni 2014 mji wa Mpeketoni ulishambuliwa na watu wapatao 60 wakauawa. Septemba 2015 ikaanza Operesheni Linda Boni, ya vikosi vya usalama kuwasaka al-Shabaab msituni. Julai 2017 kijiji cha Pandanguo kikavamiwa, na watu wake wakakimbilia Witu wakaishi kambini. Tangu hapo, kuingia msituni kurina asali kumekuwa ni kujiweka kati ya wauaji wanaojificha humo na askari ambao hawana njia rahisi ya kumjua mrina asali ni nani na adui ni nani. Wapo waliokaa miaka bila kuukanyaga msitu wanaouona kutoka mlangoni.

Naomba mkae kidogo na jambo hili, maana hapa ndipo mipango mingi ya kuokoa lugha inapopotea njia. Lugha ya mfugaji, mvuvi au mwindaji hufundishwa kazini. Mtoto hajui jina la mti kwa kuketishwa chini na kusomewa. Hulijua kwa kutumwa akaulete mti huo na kurudishwa akileta mwingine. Katika kurina asali peke yake mna maneno ya nyuki wakali na wasiouma, ya tundu la juu na la chini, ya moshi wa mti huu na wa mti ule, ya asali iliyokomaa na iliyo changa. Mna ndege anayewaongoza watu hadi kwenye mzinga wa porini, na mna mluzi wa kumwita. Mna adabu ya kugawana. Mtu akikatazwa kazi hiyo hakatazwi kusema. Anabaki na mdomo wake na lugha yake, lakini maneno hayo yote yanakosa siku ya kutumika. Mwanawe atayasikia katika hadithi. Mjukuu hatayasikia kabisa, na kwa yaliyobaki ya salamu na ugomvi wa nyumbani Kiswahili kitamtosha.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba mambo ya ardhi na misitu ni ya wizara moja na mambo ya lugha ni ya wizara nyingine, mimi huona kuwa hapo ndipo kosa lilipo. Kati ya mwaka 2008 na 2010 watafiti walitega kamera katika misitu ya Boni na Dodori. Wakamkuta paa nunga, mmoja wa paa walio adimu kupita wote duniani, tena kwa wingi ambao haukutarajiwa. Wakakuta na sange mkubwa, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, asiyefanana na wale waliokwisha kuandikwa vitabuni. Dunia ya wahifadhi ikafurahi, na ilikuwa na haki ya kufurahi. Mimi nilichojiuliza ni kwamba msitu uliohifadhi viumbe hao haukuwa mtupu. Ulikuwa na watu ndani yake wakiwinda kwa mishale kwa karne nyingi, na viumbe wakabaki. Namna hiyo ya kuishi na msitu bila kuumaliza imewekwa katika Kiaweer kuliko katika kitabu chochote. Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa 2015 na yanayotakiwa kutimia 2030, yako 17 na hakuna hata moja lililotengewa lugha. Hilo lisitufanye tudhani kwamba lugha haimo. Imo katika la elimu, la misitu, la afya na la njaa, ila lazima mtu aitafute.

Nianze na shule, Mheshimiwa Waziri na Mheshimiwa Gavana, kwa kuwa hili halihitaji kusubiri.

Shule za wadi ya Basuba, yaani Basuba yenyewe, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe, zilifungwa kuanzia 2014 kwa ajili ya usalama. Zilipofunguliwa zilirudi kwa kusuasua, nyingine kwa madarasa ya chini tu, na watoto waliovuka madarasa hayo wakawa wanabebwa kwa helikopta kupelekwa shule ya bweni Mokowe. Nawashukuru wote waliofanya hivyo. Bila wao watoto hao wangekosa hata herufi moja. Lakini safari ile ilikuwa ni ya dharura, na dharura inayodumu muhula baada ya muhula hugeuka kuwa utaratibu. Mtoto anaondolewa nyumbani katika umri uleule ambao angekuwa akifuatana na baba yake kuitafuta asali na mama yake kuchimba mizizi. Analala, anacheza, anaota kwa lugha ya bwenini. Kanada, Australia na Marekani zilitumia shule za bweni kwa makusudi ili kung'oa lugha za wenyeji wa ardhi zile, na zikafanikiwa kwa kiasi kinachowatia aibu hadi leo. Sisi hatukukusudia. Njia lakini ni ileile, na mtoto hajui tofauti ya aliyekusudia na asiyekusudia.

Naomba shule hizo zirudi kamili, hadi darasa la mwisho la msingi, pamoja na nyumba za walimu zenye ulinzi unaoeleweka. Kama kambi ya askari inaweza kulindwa katika msitu ule, shule iliyo karibu nayo inaweza kulindwa.

Kuhusu chekechea, Mheshimiwa Gavana, hapo sina haja ya kumtaja mtu wa Nairobi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeiweka elimu ya awali mikononi mwa kaunti. Mwalimu wa chekechea wa Mangai anaajiriwa na ofisi yako. Unaweza kuamua, katika bajeti moja, kwamba kila chekechea ya vijiji vya Waaweer itakuwa na mtu mzima anayezungumza Kiaweer, anayewapokea watoto kwa Kiaweer, anayewaimbia na kuwahesabisha kwa Kiaweer. Nitaambiwa wasichana na wavulana wenye cheti kinachotakiwa hawapo. Ni kweli hawapo wengi, maana shule zao zilifungwa! Basi waajiriwe kama wasaidizi huku wakisomeshwa kwa fedha za kaunti hadi wapate cheti. Ibara ya 56 ya Katiba inaitaka serikali iweke mipango maalumu kwa jamii zilizotengwa, na imetaja wazi kwamba mipango hiyo iwawezeshe kukuza maadili ya utamaduni wao, lugha zao na desturi zao. Hayo ni maneno ya Katiba yenyewe.

Na kwako, Mheshimiwa Waziri. Utaratibu wetu unasema mtoto wa madarasa matatu ya mwanzo afundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Pahala ambapo lugha moja imetanda, kama Nyeri au Siaya, utaratibu huo ni mzuri. Kwetu, lugha ya eneo huhesabiwa kuwa ni Kiswahili, na mambo yanaishia hapo. Lugha ndogo humezwa na sheria iliyotungwa kuzilinda lugha za nyumbani. Naomba kipengele kimoja tu kiongezwe: kwamba shule ambayo watoto wake wengi wanatoka nyumba za lugha iliyo hatarini itahesabiwa kuwa eneo la lugha hiyo, hata ikiwa ni kijiji kimoja. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ina wataalamu wa lugha za kiasili. Waje Basuba wakae na wazee, waandike vitabu vya kusomea vya madarasa hayo matatu. Vitabu vichache vilivyoandikwa vizuri vingetosha kuanzia.

Sasa ardhi, na hapa ndipo ninapowaomba wakuu wa LAPSSET wanisikilize.

Mradi ulizinduliwa Lamu Machi 2012 mbele ya marais na waziri mkuu wa nchi tatu. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Barabara zake zinaelekea bara, zinapita Hindi na Bargoni, na ardhi ambayo jana haikuwa na mnunuzi leo ina wanunuzi wanaoitembelea kwa magari makubwa. Sina chuki na bandari. Vijana wetu wanataka kazi, na barabara nzuri huokoa mama mja mzito. Ninaloliogopa ni mpangilio wa mambo: barabara kwanza, bei ya ardhi ya pili, na hati ya wenyeji ya mwisho au isije kabisa. Ibara ya 63 ya Katiba inasema ardhi ambazo jamii za wawindaji na wachumaji wamezikalia tangu jadi ni ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ikafuata 2016 na ikaeleza namna ya kuisajili. Nawauliza: kabla ya kilomita nyingine ya lami kuwekwa katika eneo lile, kwa nini vijiji vya Waaweer visisajiliwe na kupewa hati?

Mahakama zimekwisha kusema. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba ujenzi wa bandari ulivunja haki za wakazi, na miongoni mwa haki hizo ikataja haki ya utamaduni; ikaagiza wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliotangulia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilikuwa imekwisha kuamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek, nao ni jamii ya wawindaji, kwa kuwafukuza msitu wa Mau, na ikaikataa hoja kwamba kuwaondoa ndiko kuuhifadhi msitu. Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia ya shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi milioni 100 kwa madhara mengine, na ardhi yao irudishwe na kuandikishwa. Serikali yetu isisubiri kuhukumiwa mara ya pili kwa kosa lilelile ndipo iwape Waaweer karatasi.

Kuna na jambo la hewa ukaa, yaani watu kulipwa kwa kutunza msitu unaofyonza hewa hiyo, ambalo watu wengi hawajalitazama vizuri. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa 2023, na sasa mradi wa hewa ukaa unaofanywa kwenye ardhi ya umma au ya jamii unatakiwa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kwa mkataba ulioandikwa. Msitu wa Boni ni mkubwa na bado umefunga. Siku moja atakuja mtu na mkataba. Atauliza jamii ni ipi, hati iko wapi, kamati ni nani. Kama Waaweer hawana hati siku hiyo, jamii itakuwa ni yeyote atakayewahi kufika ofisini. Na kama mkataba utasomwa kwa Kiingereza tu, au hata kwa Kiswahili cha mawakili, wazee watatia vidole gumba kwenye kitu wasichokielewa. Naomba kaunti itunge kanuni kwamba mkataba wowote unaohusu ardhi ya jamii hizi usomwe na kujadiliwa kwa lugha yao kabla ya kutiwa saini. Hapo Kiaweer kitakuwa kimepata kazi ambayo hakijawahi kupewa: kuzungumza na fedha.

Jambo hili lina mfano karibu na sisi. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, kaskazini mwa Tanzania, ni wawindaji na warina asali kama Waaweer, na lugha yao haina ndugu anayejulikana. Mwaka 2011 walipewa hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, zaidi ya hekta 20,000. Baada yake ukaja mradi wa hewa ukaa, na fedha zake zimelipia matibabu, karo za shule na mishahara ya vijana wa kijiji wanaolinda msitu. Matatizo hayakwisha, mifugo ya jirani inaingia, mashamba yanasogea, watalii wanafika na kamera zao. Ila watoto wa Kihadzabe wanazungumza Kihadzabe, ingawa wasemaji wote ni kama 1,000 hivi. Lugha nyingi zenye watu mara mia ya hao haziwezi kusema hivyo. Sidhani kuna siri kubwa. Wamebaki na ardhi, na juu ya ardhi hiyo kuna kazi ambayo asiyejua Kihadzabe hawezi kuifanya vizuri.

Kazi za aina hiyo zipo Boni. Walinzi wa wanyama wa Basuba na Bodhai wangepaswa kuwa Waaweer kwanza, na ripoti zao za redio zingeweza kutolewa kwa Kiaweer kabla ya kuandikwa kwa lugha nyingine. Asali ya msitu ule inasifiwa kisiwani na bado inauzwa kwa chupa za soda zilizosuguliwa. Ikipata chama cha ushirika, mahali pa kuichujia na kuifungia, na njia salama ya kuifikisha Mokowe, kijana atakuwa na sababu ya kujifunza kutoka kwa mzee yale maneno niliyoyataja. Vikosi vya usalama navyo vingepata watu wanaoijua kila njia ya msitu na ambao wana haki ya kuwa ndani yake. Lazima tu wapewe vitambulisho vya kazi hiyo na askari waambiwe.

Kuhusu Kidahalo, nitasema kwa uwazi, kwa kuwa kuwadanganya wenyewe ni dhuluma nyingine. Sensa ya 2019 haikufikisha Wadahalo 1,000, na wengi wa waliohesabiwa hawasemi lugha yao. Sitegemei kuwaona watoto wa Mkunumbi wakigombana kwa Kidahalo katika uhai wangu. Hata hivyo si lugha ya kuachwa ijifie. Ni ya ukoo wa Kikushi, wenye lugha kama Kisomali na Kioromo, lakini maneno yake machache, kiasi cha makumi manne, yana sauti za vidoko, zile za kupiga ulimi kwenye meno, ambazo tumezizoea kuwa ni za kusini mwa Afrika au za Wahadzabe na Wasandawe. Wataalamu wengi wanaona humo alama ya lugha nyingine ya kale ambayo mababu wa Wadahalo waliisema kabla hawajaingia katika ukoo wa Kikushi. Historia ya watu wa mwanzo wa pwani yetu, kabla ya mawe ya kwanza ya miji ya kale ya Manda na Shanga, huenda imehifadhika katika maneno hayo makumi manne.

Wageni walilijua hilo mapema kuliko sisi. Bernd Heine wa Ujerumani alichapisha uchunguzi wa lahaja za Kiboni 1982, na Mauro Tosco wa Italia akachapisha sarufi fupi ya Kidahalo 1991. Sauti za Wadahalo zimehifadhiwa katika chuo kikuu cha California kule Los Angeles. Walifanya kazi ya heshima. Lakini mjukuu wa mzee aliyerekodiwa hawezi kumsikiliza babu yake bila ya kwenda kutafuta intaneti mjini, kama anajua kwamba rekodi hiyo ipo. Naomba Kaunti na Makumbusho ya Taifa waandike barua rasmi kuomba nakala za kila kilichorekodiwa kwa lugha hizi mbili, ziwekwe katika maktaba ya Ngome ya Lamu na nakala nyingine katika shule za Witu na Mkunumbi. Pia wazee wa Kidahalo waliobaki wapewe posho ya mwezi, kama mwalimu anavyolipwa, wakae na vijana wa koo zao wanaotaka kujifunza. Posho za wazee hao hazitazidi gharama ya semina moja ya maofisa katika hoteli ya Mombasa. Tena ianze mwaka huu wa fedha, kwani kwa Kidahalo kila msiba ni hasara isiyo na fidia.

Najua majibu yatakayokuja. Litakuja la usalama, nami silibezi. Waliokufa Mpeketoni na Pandanguo ni watu wetu. Lakini kijiji chenye shule, zahanati na vijana wenye kazi hakipokei wageni wabaya kwa urahisi, na msitu usio na wenyewe ndio unaofaa kujificha. Litakuja la kwamba wazazi wa Kiaweer wenyewe wanataka Kiswahili na Kiingereza. Wanataka, na wana haki, na watavipata. Bibi zetu wa Amu walisoma Kiarabu chuoni, wakasema Kiamu nyumbani na Kibajuni kwa mashoga zao wa Faza, na hakuna kilichowapasua kichwa. Litakuja na la fedha. Lamu ni moja ya kaunti 14 zilizotajwa mwanzo kabisa kuwa zimetengwa na zinazostahili Hazina ya Usawazishaji, yaani fedha za serikali za kuinua maeneo yaliyoachwa nyuma. Hazina hiyo imewekewa maji, barabara, afya na umeme, basi itumike kwa hayo: kisima na zahanati ya Mangai vitawafanya watu wa Mangai wabaki Mangai, nao wakibaki pamoja watasemeshana kwa lugha yao bila ya mtu kuwashurutisha.

Umoja wa Mataifa umeitangaza miaka ya 2022 hadi 2032 kuwa Muongo wa Lugha za Kiasili. Mpango wetu wa maendeleo wa kaunti, ule wa miaka mitano, unakwisha 2027, na unaofuata utaingia ndani ya muongo huohuo. Utaanza kuandikwa karibuni, na kwa sheria lazima wananchi waulizwe. Ombi langu la mwisho, Mheshimiwa Gavana, ni kuhusu mikutano hiyo ya maoni. Ule wa wadi ya Basuba usifanyiwe Hindi wala Mokowe kwa kisingizio cha umbali. Ufanyiwe Mangai au Milimani, uendeshwe kwa Kiaweer tangu dua ya kufungua, na maofisa wa Kaunti ndio watakaotafsiriwa. Wa Wadahalo ufanyiwe Mkunumbi, na wazee wake waulizwe kwanza. Tangazeni tarehe mapema. Sisi wa Amu tutakaotaka kuhudhuria tutakuja na tutaketi nyuma.

Wasalaam,

Mwenyeji wa Amu